Maiki ya kurekodi nyumbani: tusikilize nyumba kwanza, ndipo tufungue mfuko

Mwezi huu tunapenda kuongea nanyi juu ya kitu ambacho kimeingia katika maneno ya familia nyingi hapa Nakivale, yaani maiki ya kurekodi. Vijana wanaoimba wanaitaka. Kwaya zinachangisha pesa ili ziipate. Baba wanaopiga gita jioni nao wameanza kuulizia. Na wazazi wengi wanatuuliza sisi walimu wa kujitolea, sababu tunasaidia vijana mambo ya kompyuta: "Mwalimu, mtoto wangu anasema anataka maiki ya kondensa. Kondensa ni kitu gani? Na pesa yote hii ni ya kitu kidogo namna hii?"

Ni swali la maana sana. Tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa hapa Uganda mwaka 2023, kila shilingi ya nyumba inagombaniwa: unga, sabuni, karo, dawa. Mzazi hawezi kutoa pesa ya maiki kwa kufurahisha kijana tu. Lakini upande wa pili pia kuna ukweli wake. Watu wetu wanatawanyika. Kwaya nyingi zimepoteza waimbaji waliokwenda Canada, Australia au Marekani, wengine wamerudi nyumbani, na wazee wenye nyimbo za zamani wanatutoka mmoja mmoja. Wimbo ambao haukurekodiwa huenda pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo hatuwezi kusema kurekodi ni mchezo. Tunachotaka kusema ni hiki: kabla ya kununua maiki ya kondensa, isikilize kwanza nyumba utakayorekodia, halafu uhesabu bei ya vitu vyote vinavyoifuata. Ukifanya hayo mawili hutapoteza pesa.

KONDENSA NI NINI?

Maiki yoyote iko na kiwambo ndani yake, kama vile ngoma ilivyo na kiwambo cha ngozi. Sauti ikigonga kiwambo hicho, kinatikisika, na mtikisiko huo unageuzwa kuwa umeme. Tofauti ya maiki iko katika namna ya kugeuza.

Aina ya kwanza inaitwa dainamiki. Hii ndiyo ile mnayoiona kanisani na kwenye mikutano, mtu anaishika mkononi. Nyuma ya kiwambo chake kuna koili ya waya mwembamba inayocheza ndani ya sumaku. Ni kama spika ndogo inayofanya kazi kinyumenyume. Haihitaji kupewa umeme, ni ngumu, inavumilia, hata ikianguka mara nyingi inaendelea. Lakini kiwambo chake kimebeba koili, kwa hiyo ni kizito kidogo, na sauti nyembamba sana hazikitikisi vizuri.

Aina ya pili ndiyo kondensa. Kiwambo chake ni chepesi mno, ni utando wa plastiki mwembamba uliopakwa madini, mara nyingi dhahabu kidogo. Mbele ya bamba la chuma kinakaa karibu sana bila kuligusa, na vyote viwili vinachajiwa umeme. Sauti ikija, utando unasogea, nafasi kati yake na bamba inabadilika, na umeme unabadilika nayo. Sababu utando ni mwepesi, unasikia mambo madogo: pumzi ya mwimbaji, herufi "s" na "t", kidole kikiteleza juu ya uzi wa gita. Ndiyo maana sauti ya kondensa inaonekana kama mtu yuko mbele yako.

Si kitu kipya. Mwamerika aitwaye E. C. Wente aliitengeneza mwaka 1916. Mwaka 1962 watu wawili, Gerhard Sessler na James West, wakatengeneza kondensa ndogo ambayo kiwambo chake kinabaki na chaji yake chenyewe, nayo ikawa rahisi sana kutengeneza. West ni Mwamerika mweusi. Kwa miaka mingi karibu maiki zote za simu na redio kaseti zilikuwa za namna hiyo yao. Basi vijana wetu wajue kwamba kondensa wameishika mkononi siku nyingi, ila ndogo.

SHIDA IKO HAPA: INASIKIA KILA KITU

Huo usikivu wa kondensa ndio uzuri wake na ndio ubaya wake. Haichagui. Ukiimba, itachukua sauti yako, na kuku wa jirani, na mama anayetwanga sombe nyumba ya tatu, na bodaboda inayopita barabarani, na jenereta ya kinu. Nyumba zetu ni za udongo na mabati au turubai. Mvua ikigonga mabati hakuna maiki itakayokusaidia. Upepo ukitikisa turubai, kondensa itauandika wote.

Kwa hiyo tunashauri jaribio ambalo halilipishwi. Chukua simu yenye kurekodi. Iweke katikati ya chumba unachotaka kutumia, funga mlango, nyamaza, urekodi dakika moja. Fanya hivyo mara tatu: asubuhi, mchana, na usiku saa nne watoto wakiwa wamelala. Halafu vaa hedifoni na usikilize zote tatu. Usisikilize wimbo, sikiliza kile kimya chako kilivyo.

Kama usiku kuna utulivu, kondensa inaweza kukufaa, ila ujue kazi yako itakuwa ya usiku. Kama saa zote tatu unasikia redio za majirani na vikohozi vya watu wa nyumba ya pili, usinunue kondensa kwanza. Nunua dainamiki nzuri, uimbe karibu nayo, vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni. Sababu yake ni hii: ukizidisha umbali kati ya mdomo na maiki mara mbili, nguvu ya sauti inayofika inashuka hadi robo. Ukiwa karibu, sauti yako inakuwa kubwa kuliko kelele. Dainamiki inakubali kuwekwa karibu hivyo bila taabu. Hiyo si aibu. Rekodi nyingi nzuri duniani zimefanywa na dainamiki.

CHUMBA KINATENGENEZWA NA VITU VYA NYUMBANI

Kelele ya nje ni jambo moja, mwangwi wa ndani ni jambo la pili. Ukuta mtupu na mabati vinarudisha sauti, na kondensa inaisikia mara mbili. Hapo hatuhitaji kununua kitu. Tundika blanketi mbili nyuma ya mwimbaji, sababu maiki inatazama upande huo. Weka godoro limesimama pembeni. Tandika mkeka chini. Nguo zilizotundikwa kwenye kamba zinasaidia sana. Mabati yanasumbua pia, kwa hiyo funga shuka nzito au mfuko wa magunia juu, kama dari. Piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaorudi kama wa bati, ongeza nguo. Ukisikia "pa" kavu tu, umefika.

BEI YA MAIKI SI BEI YA MAIKI PEKE YAKE

Hapa ndipo familia nyingi zinakwama. Kijana anasema maiki ni kiasi fulani, mzazi anatoa, maiki inakuja, halafu haifanyi kazi. Kumbe bado kuna vitu vingine. Tuhesabu pamoja.

Kwanza, umeme wa maiki. Kondensa nyingi za studio zinahitaji volti 48, ambazo mafundi wanaziita fantomu. Umeme huo unapita ndani ya waya ule ule wa sauti wenye plagi ya pini tatu. Ukichomeka maiki hiyo kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, haitapata volti 48.

Pili, saundi kadi ya nje. Ni kisanduku kidogo kinachoingizwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Ndicho kinachotoa volti 48 na kugeuza sauti kuwa faili. Kwa mfano Behringer UM2 na Focusrite Scarlett Solo ni za namna hiyo, zina kitufe cha volti 48, na zinakula umeme wa kompyuta yenyewe bila chaja nyingine. Ukinunua nyingine, hakikisha imeandikwa 48V. Isipoandikwa, achana nayo.

Tatu, waya wa pini tatu. Nne, stendi, sababu kondensa haishikwi mkononi. Kila mguso wa kidole inausikia. Tano, hedifoni za kufunika masikio, ili muziki unaosikiliza usitoke ukaingia tena kwenye maiki. Sita, kompyuta. Programu isiwatie wasiwasi: Audacity ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye laptopu ya zamani kidogo.

Kwa mfano, maiki ya AT2020 ya Audio-Technica, ambayo watu wengi wanaoanza wanaitumia, huko Marekani inauzwa karibu dola 100, yaani zaidi ya laki tatu za Uganda, kabla hatujahesabu usafiri na ushuru hadi ifike Kampala au Mbarara. Ongeza saundi kadi, waya, stendi na hedifoni. Utaona kwamba maiki ni karibu nusu tu ya safari. Shauri letu ni rahisi: chukua pesa yote mliyo nayo, mgawanye mara mbili. Nusu ni ya maiki, nusu ni ya hivyo vingine. Nusu ikiwa haitoshi kwa kondensa ya kweli, msishuke kwenye kondensa ya ovyo. Chukueni dainamiki.

Je, ile ya USB moja kwa moja? Ipo kondensa ambayo saundi kadi yake iko ndani, unachomeka waya mmoja kwenye kompyuta na kazi inaanza. Kwa mtu mmoja anayeimba peke yake, au anayesimulia hadithi, inafaa na inapunguza gharama. Lakini ukitaka kuongeza maiki ya pili kwa gita, itakuwa shida. Na ile sehemu ya USB ikiharibika, yote imekwenda.

SOKONI: ANGALIA NINI?

Sokoni ziko maiki za bei rahisi sana, zinakuja na kila kitu ndani ya boksi: stendi, sponji, waya. Kwa macho zinapendeza. Mara nyingi ndani ya kichwa hicho kikubwa kuna kiwambo kidogo kama cha simu. Dalili moja ni waya wake: upande mmoja pini tatu, upande wa pili plagi ndogo ya hedifoni. Si kwamba haitoi sauti. Inatoa, lakini na mlio wa "shhh" nyuma yake, na ukiongeza nguvu, "shhh" nayo inaongezeka.

Kila maiki ya kondensa iko na mlio wake wa ndani. Watengenezaji wazuri wanauandika kwenye karatasi kwa desibeli. Namba ikiwa ndogo ni vizuri zaidi. AT2020 imeandikwa 20. Rode NT1-A imeandikwa 5, ndiyo maana bei yake ni ya juu. Kwa mtu anayeimba kwa nguvu ndani ya nyumba yetu ya mabati, 20 inatosha kabisa, sababu kelele ya nyumba yenyewe ni kubwa kuliko hiyo. Usilipe pesa nyingi kununua kimya ambacho nyumba yako haina.

Angalia pia mchoro wa upande inaosikia. Kwa kurekodi nyumbani tafuta ile yenye mchoro kama moyo. Maana yake inasikia mbele zaidi, pembeni kidogo, na nyuma kidogo sana. Kwa hiyo mgongo wa maiki ndio uelekezwe kule kelele inakotoka, mlangoni au barabarani.

Na muuzaji akikataa uijaribu kwa hedifoni kabla ya kulipa, mrudishie maiki yake, umuage kwa heshima.

IMEFIKA NYUMBANI, SASA TUFANYEJE?

Kondensa nyingi zenye kichwa kikubwa hazisikii kwa juu kama ile ya kanisani. Zinasikia kwa ubavu, upande wenye alama ya kampuni. Vijana wengi wanaimbia kichwani halafu wanasema maiki ni mbovu. Simamisheni maiki, mwimbie upande wenye alama.

Mwimbaji asimame umbali wa shubiri moja, kama sentimeta 20. Akikaribia mno, sauti inakuwa nzito, ina besi nyingi, na herufi "p" na "b" zinapiga kama ngumi. Dawa yake ni soksi ya nailoni ya mama, ivutwe juu ya waya uliokunjwa duara, iwekwe kati ya mdomo na maiki. Kazi ni ile ile ya kichujio cha dukani.

Gita: usielekeze maiki kwenye tundu, utapata mvumo mtupu. Elekeza pale shingo inapokutana na mwili, shubiri moja na nusu mbali. Likembe na inanga ni vya sauti ndogo, na hapo ndipo kondensa inaonyesha faida yake. Ndugu zetu Warundi wanayo ile inanga ya kunong'ona, mzee anapiga nyuzi huku maneno yakitoka kama siri. Dainamiki itaukosa mnong'ono huo. Kondensa, usiku wa kimya, itaupata wote. Ngoma ni kinyume chake: sogeza maiki mita moja au mbili nyuma, au tumia dainamiki.

Kwaya: maiki moja inatosha. Simameni nusu duara, wenye sauti kubwa nyuma, wenye sauti ndogo mbele. Rekodini mstari mmoja, msikilize, anayefunika wenzake arudi hatua moja. Ni miguu ndiyo inayopanga sauti hapo. Tusione maiki moja kuwa umaskini. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi miziki, alikuwa akitumia maiki moja na kuisogeza kwa mkono kwa yule anayetaka asikike. Ndivyo alivyomrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mtu mmoja na gita lake. Zaidi ya miaka 70 imepita na dunia bado inamsikiliza.

Kwenye kompyuta, msijaze sauti hadi taa nyekundu. Sehemu yenye nguvu zaidi iishie karibu na alama ya -12. Sauti ndogo inaweza kuongezwa baadaye, lakini iliyopasuka haitengenezeki.

UMEME, VUMBI NA KUTUNZA

Wazazi wanaogopa kwamba maiki itamaliza bateri ya sola. Hapana. Fantomu inakula chini ya nusu wati. Kompyuta ndiyo inayokula, basi ichajiwe mchana, usiku mrekodi kwa bateri yake. Tena kompyuta ikiwa kwenye chaja, mara nyingine inaleta mvumo kwenye sauti. Kuchomoa chaja ni dawa.

Adui wa kondensa ni vumbi letu jekundu na unyevu. Vumbi likikaa juu ya utando, maiki inaanza kutatarika kama mafuta kwenye kikaango. Ukimaliza kazi, izime kwanza ile volti 48, ungoje kidogo, ndipo uchomoe waya. Itie ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyopatikana kwenye boksi za viatu, uufunge. Usipulize kichwa cha maiki kwa mdomo eti unajaribu. Gonga vidole hewani au sema neno.

KWA FAMILIA

Basi mzazi, kijana wako akija na ombi lake, usimfukuze, na usitoe pesa siku hiyo hiyo. Mwambie akuletee kwanza zile dakika tatu za kimya. Mwambie akuandikie orodha yote na bei zake. Muulize nani mwingine atatumia. Tunaona familia tatu au kwaya mbili zinaweza kuchangia seti moja, kila mmoja na siku yake, na mtu mmoja mwaminifu akaitunza. Seti nzuri inayofanya kazi siku tano kwa juma ni bora kuliko seti tano mbovu zinazolala chini ya vitanda.

Nanyi vijana, siku seti itakapofika, tunawaomba jambo moja. Kabla ya nyimbo zenu, kaeni na bibi au babu mmoja. Mwache aimbe ile ya mavuno, ya kulaza mtoto, ya harusi ya kwao. Mwanzoni mwa rekodi mwulizeni aseme jina lake, kijiji alichotoka, na alijifunza wimbo huo kwa nani, nanyi mtaje tarehe. Dakika moja ya sauti ya namna hii inachukua karibu MB 8 tu, kwa hiyo fleshi moja inabeba nyimbo nyingi. Tengenezeni nakala mbili, moja ibaki kwa kijana, nyingine ikae kwa familia yake mzee. Hivyo mjukuu aliyeko mbali ataweza kuisikia, hata kama hawataonana tena.

Mwenye swali atupate darasani mchana baada ya masomo. Hedifoni zipo, mje msikilize pamoja nasi. Tukutane mwezi ujao.